Mkanda Usiolia

Baridi ya Juni huku Ufipa haina simile. Upepo hushuka kutoka milima ya Mbizi, ukapita juu ya mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na mtu aliyetoka bila koti hujikunyata mpaka jua la saa nne. Asubuhi moja ya mwezi huo, mwaka 2012, nilikuwa naendesha Corolla 110 yetu kutoka Sumbawanga kwenda Laela. Mke wangu alikaa kando yangu. Nyuma walikaa mama mkwe wangu na watoto wetu wawili. Tulikuwa tunawahi mazishi ya dada yake mama mkwe. Barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa bado inajengwa kwa fedha za Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani, kwa hiyo tulipanda lami mpya, tukashuka kwenye njia ya mchepuko, tukameza vumbi, tukapanda tena.

Gari halikutoa dalili yoyote. Halikutetemeka, halikugonga, mshale wa joto haukupanda. Nilikuwa kwenye gia ya nne, mwendo wa kama kilometa 60 kwa saa, mara injini ikanyamaza kama redio iliyozimwa. Taa za dashibodi zikawaka zote, usukani ukawa mzito, nikalivuta gari pembeni kwa mwendo uliobaki. Nilipopiga stata, ilizunguka kwa wepesi ambao sikuwahi kuusikia: haraka, laini, bila ule mkabo wa pumzi ambao injini nzima huwa nao. Sikujua maana yake. Leo nikiusikia mlio huo, hata kwa gari la mtu mwingine ng'ambo ya barabara, najua kilichotokea kabla sijauliza.

Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Watoto tuliwafunika vitenge. Mwishowe Fuso iliyobeba mahindi ikatuvuta kwa kamba kurudi mjini. Mama mkwe wangu hakumzika dada yake. Hakunilaumu. Alipoona nimeinamisha kichwa juu ya usukani, alinishika bega akasema, "Ni chuma, baba." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, nikiwa peke yangu.

Fundi niliyempelekea gari alikuwa mzee wa makamo, gereji yake iko chini ya mkaratusi. Nilidhani angeanza kufungua bolti. Hakugusa hata moja. Alifungua kifuniko cha kumwagia oili juu ya injini, akainama na tochi ya simu, akamwambia kijana wake apige stata. Kisha akanisogeza nitazame mwenyewe.

"Mwalimu, unaona nini?"

Ndani ya lile tundu niliona kipande cha chuma kinachong'aa kwa oili. Kijana alipiga stata tena. Injini ilinguruma chini, lakini kile kipande hakikusogea hata unywele.

"Chini kunakwenda, juu kumelala," alisema. "Mkanda wa taimingi umekufa."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na neno ninalolipenda kwa kazi ya mkanda huu ni majira. Ndani ya injini, krenki shafti iko chini, inasukumwa na pistoni zinazopanda na kushuka. Kamshafti iko juu, inafungua valvu ili hewa na petroli viingie na moshi utoke. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inatakiwa kuzunguka mara moja, bila kukosea hata jino moja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 katika sekunde moja. Kinachoziunganisha shafti hizo mbili katika magari mengi ya umri wa Corolla yangu ni mkanda wa mpira wenye meno, uliofumwa ndani kwa nyuzi za kioo. Mikanda ya meno ya aina hii ilibuniwa Marekani miaka ya 1940 kwa ajili ya cherehani, ili sindano ya juu na bobini ya chini zisipishane. Kwenye magari yaliyouzwa kwa wingi, mkanda huo ulianzia Ujerumani mwaka 1962, kwenye gari dogo lililoitwa Glas 1004. Mshonaji yeyote anaijua cherehani iliyopoteza majira: inatoboa kitambaa lakini haishoni. Injini nayo ni vivyo hivyo. Petroli ipo, moto wa plagi upo, betri ni nzima, lakini hakuna kinachofika kwa wakati wake.

Fundi alifungua vifuniko vya plastiki akautoa ule mkanda, akanikabidhi mkononi. Mahali pamoja, urefu wa kama kidole, meno yalikuwa yamenyofoka yote. Upande mmoja ulikuwa umelowa oili. Alinionyesha sili ya kamshafti iliyochoka, ambayo ilikuwa ikivujisha tone kwa tone, na oili hulainisha mpira mpaka ukaoza. Kisha akaukunja mkanda kidogo kinyumenyume, na mgongoni ikafunguka mistari myembamba ya nyufa, kama tope la bwawa lililokauka mwezi wa Septemba. Ulipokuwa umenyooka sikuwa nimeiona hata mmoja.

Ndipo akanionyesha kibandiko. Kilikuwa upande wa nje wa kifuniko cha mkanda, karatasi ndogo iliyofifia, ina maandishi ya Kijapani na tarakimu. Nilikuwa nikikiona kila nilipoongeza maji ya rejeta, miaka mitatu mfululizo, nikidhani ni mapambo ya kiwandani. Juu yake kwa kalamu ya mkono kulikuwa na 15, 7, 9, na chini yake 58,400.

"Hiki ndicho cheti cha mkanda," alisema fundi. "Aliyeubadilisha alikuandikia."

Zile kilometa alizielewa. Namba 15 haikumwingia akilini, hata mimi haikuniingia. Wiki chache baadaye nilimwuliza kijana wa Kijapani aliyekuwa akijitolea kufundisha hisabati. Akatabasamu, akanieleza kwamba kwao miaka huhesabiwa kwa enzi za wafalme wao. Enzi iliyoitwa Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo mwaka wake wa 15 ni 2003. Mkanda wangu ulifungwa tarehe 9 Julai 2003.

Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi na kalamu. Gari nililinunua mwaka 2009 likisoma kilometa 84,000. Lilipozima lilisoma 131,000. Nilikuwa nimesikia mitaani kwamba mkanda huenda kilometa 100,000, na kwa injini nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 kauli hiyo ni kweli. Lakini mimi nilianza kuhesabu siku niliyopokea funguo. Kwa hesabu yangu mkanda ulikuwa umetembea kilometa 47,000, umebakiza zaidi ya nusu ya maisha yake. Kwa hesabu ya kibandiko, ulikuwa umetembea 72,600. Hata hesabu hiyo ya pili iko chini ya 100,000, na mtu angeweza kusema mkanda umekufa kabla ya siku zake. Haukufa kabla. Ulikuwa umebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka tisa. Mpira huzeeka hata gari likilala bandani: joto la injini, baridi ya usiku, vumbi na oili havisomi kilometa. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka mipaka miwili, wa umbali na wa miaka, na kinachotangulia ndicho kinachoamua. Mimi nilikuwa nimeushika mmoja, nao nimeushika kwa upande usio wake.

Siku ile Mungu alinihurumia kwa njia ambayo sikuifahamu mpaka fundi aliponieleza. Katika injini kama yangu, ile ya 5A, pistoni ikifika juu kabisa haiigusi valvu hata kama valvu imebaki wazi. Mkanda ukikatika, injini inazima, basi. Alifunga mkanda mpya, akabadilisha beringi ya tensheni na ile sili. Kisha, kabla ya kumruhusu kijana kugusa stata, alishika spana akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili mizima, polepole, akitazama alama za puli zirudi mahali pake. Alama ziliporudi, akafuta mikono. Gharama yote haikuzidi thamani ya magunia matatu ya mahindi. Mvumo ulipoanza, nilisikia tena ule mkabo wa pumzi, nikashukuru.

Ningependa kumbukumbu hii iishie hapo. Haikuishia.

Mwaka uliofuata, Septemba 2013, shemeji yangu alikuwa akitoka Muze, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, na magunia ya mchele kwenye Mark II yake. Kutoka bondeni hadi Sumbawanga gari linapanda karibu kilometa nzima kwenda juu. Ziwa liko kwenye mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari, mji wetu uko karibu na 1,800. Katikati ya mlima, kwenye gia ya pili, injini yake ilinyamaza kama yangu. Naye alipiga stata. Ila injini yake ilikuwa 1G yenye VVT-i, na katika injini ile pistoni na valvu hutumia nafasi moja kwa zamu. Zamu ikipotea, zinagongana. Silinda hedi ilipofunguliwa, valvu 11 kati ya 24 zilikuwa zimepinda. Alipopiga hesabu ya valvu, gasketi, kazi ya kusaga hedi na siku za kukaa bila gari, akaona heri anunue injini nyingine iliyotumika. Ilimgharimu magunia zaidi ya 30. Aliyemwuzia gari alikuwa amemwambia mkanda ni mpya. Hakukuwa na karatasi wala kibandiko.

Nilikwenda kumpa pole, na tukiwa tumekaa nje, jambo lenyewe likanichoma. Nilikuwa nalijua tangu mwaka uliotangulia. Nilijua habari ya miaka, nilijua habari ya kibandiko, nilijua kwamba kuna injini zinazosamehe na zisizosamehe. Tulikuwa tumekaa meza moja Krismasi nzima tukizungumza magari, na sikumwambia. Niliona ni somo langu, nimelilipia, yameisha. Somo ulilolilipia wewe peke yako, usipomwambia jirani, atalilipia naye upya, na pengine kwa bei kubwa zaidi. Ndiyo sababu ninaandika.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mkanda wa feni ukilegea unapiga kelele mtaa mzima usikie. Breki zikiisha zinakwaruza. Beringi ya gurudumu inanguruma. Vyote hivyo vinalia, na sisi tumezoea kutengeneza kinacholia. Mkanda wa taimingi haulii. Umefunikwa, unafanya kazi vizuri Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na Alhamisi haupo. Kitu cha namna hiyo hakitunzwi kwa sikio. Kinatunzwa kwa kalenda.

Na sisi wa Ufipa hatuwezi kusema hatujui kufanya kazi kabla ya mahitaji kuonekana. Wazee wetu walilima kwa ntumba: mvua zikielekea kuisha, nyasi zikiwa bado mbichi, mkulima anazifukia chini ya vilima vya udongo. Zinaoza taratibu miezi yote ya kiangazi, na mvua zinaporudi mwishoni mwa mwaka vilima vinasambazwa, ulezi unapandwa juu ya rutuba iliyoandaliwa tangu msimu uliopita. Aliyengoja njaa impe ishara alikuwa ameshachelewa. Akili ile ile ndiyo inayotakiwa chini ya boneti.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa tunaonunua magari yaliyotumika Japani. Gari nyingi hutufikia zikiwa na miaka minane, kumi au zaidi, na kwa magari ya mkanda huo ndio umri ambao mkanda wa kwanza unamaliza siku zake. Mwenye gari wa kwanza ameliuza likikaribia matengenezo makubwa. Sisi tunalipokea bandarini Dar es Salaam na kuliendesha zaidi ya kilometa 1,100 hadi huku. Kisha tunalipa kazi ngumu: vumbi la kiangazi, milima ya kwenda bondeni, abiria na mizigo kama ya michomoko, yale magari madogo ya abiria. Vitabu vya watengenezaji husema wazi kwamba kwenye mazingira magumu muda wa matengenezo hupungua. Namba ya kwenye mileji nayo si ya kuaminiwa peke yake, maana inaweza kurudishwa nyuma kabla hujaiona. Kwa hiyo gari la mkanda lililokuja bila ushahidi wa maandishi, lihesabu kuwa mkanda wake umeisha. Badilisha kwanza, ndipo uanze kuhesabu.

Si kila gari lina mkanda. Vitz, IST, Passo, Probox na Premio zilizojaa mjini kwetu sasa zinatumia cheni ya chuma, na cheni hudumu miaka mingi mno ikiwa oili inabadilishwa kwa wakati. Mwenye gari la cheni asiibanie oili. Lakini Corolla 110, Starlet, Carina za miaka ya 1990, RAV4 na Noah za zamani, Subaru nyingi zenye injini ya EJ, hata Land Cruiser zenye injini ya 1HZ zinazobeba wagonjwa vijijini, zote zinategemea mkanda. Muulize fundi wako swali moja tu kwa gari lako: mkanda au cheni? Kama ni mkanda, ongeza la pili: ukikatika, valvu zinapinda?

Siku ya kubadilisha, badilisha na beringi ya tensheni, maana mkanda mpya juu ya beringi iliyochoka ni koti jipya juu ya shati bovu. Kagua sili za mbele. Zikivuja, zibadilishwe hapo hapo. Kwenye injini za 3S, kama zile za RAV4 na Noah za zamani, mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo pampu nayo iangaliwe wakati kila kitu kiko wazi. Usinunue mkanda uliokuwa ukining'inia juani dukani, wala uliokunjwa kwa nguvu ukaachwa na alama ya mkunjo, kwa sababu nyuzi za kioo ndani yake zikikunjwa hivyo huvunjika bila kuonekana. Mimi, kwa barabara zetu na vumbi letu, nimejiwekea kilometa 70,000 au miaka mitano. Corolla ile niliibadilishia mkanda tena mwaka 2017, ikiwa na kilometa 183,000. Mkanda ulipotoka ulionekana mzima kabisa. Kijana wa gereji alisema bado ungeweza kuendelea. Nilimshukuru, nikauacha pale pale gerejini.

Nimemfikiria mara nyingi yule fundi wa Japani ambaye sitamjua kamwe. Julai ya 2003, alipomaliza kazi yake, alichukua kalamu akaandika tarehe na kilometa kwa ajili ya mtu atakayefungua boneti baada yake. Barua yake ilisafiri baharini, ikapanda nyanda za juu kusini, ikakaa mbele ya macho yangu miaka mitatu, na sikuisoma. Nilipoliuza lile gari mwaka 2019, juu ya kifuniko kile kile palikuwa na vibandiko viwili: chake kilichofifia na changu kwa Kiswahili, herufi kubwa, na ndani ya droo ya mbele daftari lenye kila tarehe. Nilimsimamisha aliyenunua, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, nikamsomea vyote viwili kabla sijapokea hela yake.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi kabla hujawasha gari, fungua boneti utafute kibandiko. Ukikipata, kisome, na ukumbuke kuhesabu miaka pamoja na kilometa. Usipokipata, mwone fundi wiki hii, kabla ya safari ya msiba, ya harusi au ya kumpeleka mtoto shule. Na kazi ikiisha, usiondoke gerejini kabla hujaandika tarehe na kilometa na kuzibandika mahali ambapo mwingine ataziona. Karatasi ile inaweza kuwa sababu ya mama fulani kufika kumzika dada yake.